Bata wa Kidawa na Programu ya Sahani

Hapo zamani, na msinikunjie uso, zamani hii ilianza mwaka juzi tu, palikuwa na mtaa mmoja pale Tanga uliokuwa ukipika kingi kuliko unavyokula. Sogeeni karibu. Anayetaka kuchezea simu akae nyuma kabisa, maana hadithi ni yangu lakini hukumu ni yenu.

Kwanza alikuwepo Kidawa. Kidawa alifuga bata arobaini, na bata wake aliwalisha makombo. Kila asubuhi alipita nyumba kwa nyumba na ndoo mbili, anapiga hodi, anamiminiwa, anashukuru, anakwenda mlango wa pili. Sasa yule mwanamke alikuwa na macho. Aliona kwamba anachomiminiwa si makombo. Ni chapati nzima nzima. Ni wali haujaguswa. Ni ndizi mbivu yenye doa moja. Nyumba ya geti jekundu ilimwaga wali kila Jumapili, na nyumba ya tatu kutoka hapo ilikuwa na mama wa watoto watano anayewapa chai kavu.

"Bata wangu wanakula vizuri kuliko watoto wa jirani yangu," alisema Kidawa, na jambo hilo likamnyima raha kabisa.

Akaenda kwa Mbaruku. Huyu alikuwa fundi simu, baba wa watoto wawili, aliyesomea kompyuta akakosa kazi, akaweka meza yake barazani kwa mama yake.

"Mdogo wangu," Kidawa alimwambia, "nitengenezee kitu ndani ya simu. Mwenye chakula kingi aseme, mwenye upungufu ajue."

Mbaruku akaunda programu. Mwezi wa kwanza akaunda, mwezi wa pili akabomoa, mwezi wa tatu akaunda upya, hivyo hivyo hadi mwezi wa saba. Alitaka ifunguke hata kwenye simu ya kioo kilichopasuka yenye bando la kuungaunga. Wateja walimngoja, wakachoka, wakahamia kwa fundi mwingine, na mkewe akanuna kweli kweli. Lakini ikakamilika. Mwenye chakula anapiga picha, anabonyeza "Gawa kiporo". Mwenye haja anabonyeza "Chukua bure".

Watu mia mbili wakaiweka kwenye simu zao. Siku ya kwanza hakubonyeza mtu. Wiki ya kwanza hakubonyeza mtu. Wiki ya tatu mwalimu mmoja mgeni akagawa maharage, na hakuna aliyekwenda kuyachukua.

Mnacheka nini? Nani kati yenu angebonyeza? Kiporo ni cha wa nyumbani, unakipasha asubuhi unanywea chai, humpelekei mtu na heshima zake. Na hilo la "chukua bure" ndiyo balaa zaidi. Uende mlangoni kwa watu na mkono mtupu, kesho mtaa mzima ujue kwako hakukupikwa? Thubutu. Watu wawili waliozaliwa na kulelewa mtaa uleule walikaa miezi saba na simu mpaka wakasahau walivyolelewa. Nilikasirika nao sana.

Kidawa akalia. Mbaruku akasema anaifuta.

Siku aliyotaka kuifuta ndiyo siku Bi Mwanjaa alipoleta simu yake ibadilishwe betri. Bi Mwanjaa ni mpishi wa shughuli. Harusi ya watu mia nne anaitazama kwa jicho moja, anakwambia mchele kilo ngapi, na hausalii wala haupungui. Akaomba aonyeshwe hiyo programu. Akasoma, akavua miwani.

"Mwanangu, haya maneno umeyaokota wapi? Toa hicho kiporo. Mtu aseme mapema, chakula kikiwa bado sufuriani, kabla hajapakua. Aseme, 'Nimepika kingi.' Na huyo anayepokea usimuite wa bure. Mimi jirani akiniletea bokoboko, sahani yake nairudisha na kitu juu yake, hata ndimu mbili. Andika, 'Sahani itarudi.'"

Mbaruku akaandika. Maneno yakawa mazuri, kila mtu akayasifu, na kila mtu akangoja mwenzake aanze.

Ijumaa moja Bi Mwanjaa alipika nyumbani kwake pilau ya wageni thelathini. Wakaja kumi na mmoja. Angeweza kunyamaza, kwa kuwa mpishi wa shughuli hapati riziki kwa kitu kingine ila kwa kujua kukadiria. Akalipiga picha lile sufuria, akaandika: "Mimi Mwanjaa nimekosea makadirio. Nimepika kingi. Njooni na sahani."

Mtaa ukapigwa na butwaa. Kisha wakaja, maana kama yeye amekosea, nani asikosee? Jumamosi sahani zikarudi, hii na mchicha, hii na mayai mawili, hii na kachumbari. Yule mama wa watoto watano alirudisha ya kwake na embe tatu za uani kwake, akakaribishwa ndani, akakaa kitako wakapiga soga mpaka adhuhuri. Jumapili geti jekundu likafunguka: "Nimepika kingi." Basi ikawa ndiyo mtindo. Wapangaji waliokuwa hawajuani kwa majina wakajuana kwa mapishi. Kunguru wa jalalani wakahamia mtaa wa pili. Nilifurahi jamani, sifichi.

Ila harusi mbili zilimkimbia Bi Mwanjaa. Walisema hajui tena kukadiria. Na ndoo za Kidawa zikaanza kurudi na maganda matupu. Akauza bata kumi, akauza kumi wengine, akauza kumi na wanne tena, leo wamebaki sita.

Halmashauri ikasikia, ikatoa zawadi kwa aliyeleta jambo hilo: kizimba kimoja cha biashara sokoni, chenye friji. Kizimba hakiandikwi majina matatu. Ufunguo mmoja, jina moja. Mtaa ukaitisha mkutano.

Kidawa akasimama. "Bila mimi, nani angejua kinachomwagwa? Chakula hicho nimekitoa midomoni mwa bata wangu kwa mkono wangu mwenyewe, na sijutii. Lakini nikikosa kizimba, asubuhi nitaamkia wapi?"

Mbaruku akasimama. "Bila mimi, maneno ya dada yangu yangeishia barazani. Na kazi haijaisha. Kila wiki naitengeneza pale inapokwama, kwenye meza isiyo na mteja. Nikifunga meza hiyo, na programu inakufa."

Bi Mwanjaa hakusimama, magoti yanamsumbua. "Bila mimi, mngekuwa na programu nzuri isiyobonyezwa na mtu. Jina langu nililipika miaka thelathini, nikaliweka sufuriani likaliwa siku moja. Sina umri wa kupika lingine."

Wajumbe wa mtaa wakapiga kura. Kidawa kura nne. Mbaruku kura nne. Bi Mwanjaa kura nne. Imebaki kura ya mjumbe mmoja ambaye siku ile aliomba apewe siku tatu afikirie.

Mjumbe huyo ni mimi. Ufunguo huu hapa, nimeufunga kwenye pindo la kanga yangu, na leo ni siku ya tatu. Wote watatu ni majirani zangu, na yeyote nitakayemtaja, wale wawili wengine nitaendelea kuwatazama usoni kila asubuhi mpaka nife. Basi niambieni, maana mimi nimeshindwa. Je, nani alistahili?