Chui Aliyetaka Biri Zote za Mzee Kobe

Hapo zamani za kale, siku ambazo wanyama walifunga milango yao kwa komeo na kukopeshana chumvi dirishani, kulikuwa na kilima kimoja cha mawe mapana. Chini ya kilima palikuwa na soko, na chini ya soko palikuwa na mto. Sogea wewe, usimzibe mwenzako. Haya.

Kilimani hapo aliishi Mzee Kobe, fundi wa biri. Biri ni tumbaku iliyosokotwa kwa jani zima, nene kama kidole gumba cha babu yenu. Msinitazame hivyo! Mimi sivuti, na nyinyi mkijaribu mtakohoa mpaka mtapike. Lakini wanyama wa zamani walikuwa na tabia zao.

Biri za Mzee Kobe hazikuwa na mfano. Majani aliyaning'iniza darini mwaka mzima, akayasokota taratibu, akayafunga bunda. Kisha, na hapa ndipo penye ufundi, akalilalia lile bunda! Ndiyo, alilikandamiza kwa tumbo lake siku saba, mpaka biri zikabanana na kulainika. Majani yalikuwa tele, lakini tumbo lilikuwa moja. Kwa hiyo kila siku saba lilitoka bunda moja tu, basi.

Na malipo yake? Hakutaka asali wala karanga.

"Anayechukua bunda anifikishe mtoni, anisugue gamba, anirudishe nyumbani," alisema. Alipenda kuoga kuliko kula, maskini, na kwa miguu yake safari ya mtoni ilikuwa siku mbili.

Aliyechukua mabunda hayo alikuwa Bi Pimbi, mjane mwenye watoto wanne na banda dogo sokoni. Yeye na wanawe walimlaza Mzee Kobe juu ya gome la mgomba, wakamvuta. Krru! Krru! Ba! "Pole, Mzee, hilo lilikuwa jiwe." Kisha Bi Pimbi aliziuza biri bandani, moja moja, hata nusu nusu. Mzee Nungunungu alizoea kununua nusu, akaivuta baada ya chakula cha mchana. Karanga na mihogo waliyomlipa ndiyo iliyowalisha watoto.

Sasa, sokoni hapo alikuwapo Bwana Chui, mwenye duka kubwa lenye baraza. Siku moja akapanda kilimani.

"Shikamoo, Mzee Kobe."

"Marahaba, Bwana Chui. Leo umetukumbuka?"

"Mzee, nimeona wanavyokuburuta, nikaona aibu. Fundi kama wewe uvutwe kama kuni! Nipe mimi mabunda yote, mimi peke yangu, nami nitakubeba kwa mgongo huu." Akageuka, akaunyoosha mgongo. Ulikuwa unang'aa.

Mzee Kobe akaupapasa. "Mgongo wako mwenyewe? Si wa kuazima?"

"Wangu mwenyewe! Kila bunda, safari moja."

Basi Bi Pimbi alipofika na gome lake, alimkuta Mzee Kobe amejikunyata ndani ya gamba.

"Bunda limeshachukuliwa, mwanangu," sauti ikatoka ndani. "Na lijalo. Na yote yatakayofuata."

"Yote, Mzee?"

"Nisamehe. Yale mawe ya njiani yananiuma mno."

Bi Pimbi alishuka kilima, akakaa juu ya gome lake tupu, akalia. Alilia kweli, maana sheria ya soko aliijua: banda likikaa tupu mpaka mwezi mpevu, hupewa mwingine. Na Bwana Chui alikuwa ameshamwendea Mzee Tembo, mkuu wa soko, akamwambia analitaka lile banda aweke viti vya wateja wake.

Enhe, mnataka kujua Bwana Chui aliuzaje? Sikilizeni ujanja. Bunda lote alilificha chumbani. Barazani aliweka sanduku la mninga, na ndani ya sanduku, biri moja tu.

"Imebaki moja!" alisema, akifunua kifuniko kidogo, halafu taf! akakifunga. "Na hii si ya kila mtu. Ni ya wateule."

"Mimi ni mteule!" akasema Nyati.

"Unaweza kunifyekea shamba langu lote?"

"Kesho asubuhi!"

Nyati akafyeka. Akaja Kiboko, biri "imebaki moja", Kiboko akachimba kisima. Hata Mzee Tembo, na ukubwa wake wote, alikokota magogo siku mbili kwa ajili ya biri moja, tena akaondoka ameinua kichwa kama bwana harusi. Biri ni zile zile walizonunua kwa Bi Pimbi kwa vikonzi viwili vya karanga! Lakini mnyama akiambiwa imebaki moja, akili humruka.

Mzee Nungunungu naye akajaribu. "Hodi, Bwana. Nusu je?"

"Nusu? Dukani kwangu? Toka na miiba yako!"

Bi Pimbi aliyaona yote. Mwezi ulikuwa umeanza kunenepa, na rafu za banda lake zilikuwa na vumbi tu. Asubuhi moja alipanda juu ya mawe, kwenye jua, wanakolala ndugu zake. Pimbi ndiyo kawaida yao: kila asubuhi wote hulala kifudifudi juu ya mawe yenye joto, na hawanyanyuki mpaka saa nne. Walikuwa arobaini, wamejipanga, wengine wanakoroma.

Bi Pimbi akawatazama. Akalitazama tumbo lake mwenyewe. Akaruka.

"Ala!" akasema. "Kumbe!"

Siku hiyo hiyo akaenda dukani kwa Bwana Chui. Alisimama mlangoni, si ndani, maana ingawa sheria ya soko ilikataza kula jirani, Bi Pimbi hakuona haja ya kumjaribu mtu.

"Bwana, nimeshindwa," akasema kwa unyonge. "Banda langu linakufa. Naomba kazi ya kufagia."

Chui akacheka mpaka sharubu zikatikisika. "Chukua ufagio!"

Bi Pimbi akafagia, fya, fya, fya. Kisha akasema kama anayejisemea, "Lakini namhurumia Bwana. Fisi naye anajua njia ya kwa Mzee Kobe."

Masikio ya Chui yakasimama. "Fisi amefanyaje?"

"Hajafanya. Ila Bwana na Mzee Kobe mlikubaliana wawili tu, nani alisikia? Bunda moja likimponyoka Mzee likaangukia kwa Fisi, nani atakokota magogo tena?"

"Hathubutu!"

"Ningekuwa mimi," akasema Bi Pimbi, fya, fya, "ningeapa mbele ya soko zima. Kila bunda, bila kubakisha."

Tamaa, watoto wangu! Chui hakulala vizuri mpaka siku ya soko. Alipanda juu ya kreti, akakohoa, akapaza sauti:

"Mzee Tembo, na soko zima, sikilizeni! Kila bunda litakalotoka nyumbani kwa Mzee Kobe ni langu. Kila moja! Nitalilipia kwa mgongo wangu mwenyewe. Nikiliacha hata moja, makubaliano yamekufa!"

"Tumesikia," akasema Mzee Tembo.

"Tumesikia sana," akasema Bi Pimbi, na mbio akapanda kilimani.

"Mzee, shikamoo. Nina swali. Ungependa kuoga mara ngapi?"

Macho ya Mzee Kobe yakalegea. "Ah! Hata mara kumi kwa siku. Lakini tumbo langu ni hili moja, mwanangu."

"Sisi tuna matumbo arobaini, na kazi yake ni kulalia mawe tu."

Mzee Kobe akafikiri. Alifikiri mpaka chai ikapoa. "Jiwe lina joto," akasema taratibu. "Joto halidhuru. Mh! Waje."

Wakaja. Wote arobaini walisokota na kufunga, Mzee Kobe akikagua. "Hiyo imelegea. Fungua. Hiyo sawa." Kisha kila pimbi akachukua bunda lake, akalala nalo juu ya jiwe. Siku saba. Moyo wa Bi Pimbi ulimdunda siku zote saba, kwa sababu biri zikiharibika, banda limekwenda na wanawe watakula nini? Siku ya nane Mzee Kobe akainua biri moja, akainusa huku, akainusa kule, akaifinya.

"Hii," akasema, "siwezi kuitofautisha na yangu." Bi Pimbi akaruka juu kwa furaha mpaka akamkanyaga shangazi yake.

Saa hiyo Bwana Chui akatokea, anapiga mluzi, amekuja kuchukua bunda lake.

"Karibu! Yako tayari," akasema Mzee Kobe. "Arobaini na moja."

"Arobaini na... nini?"

"Na moja. Hilo moja nimelilalia mwenyewe. Inama, nipande."

Chui angefanyaje? Ameapa. Akainama. Puu! Mzee Kobe akatua mgongoni. Wakashuka mtoni, chubwi! "Nisugue na shingo, Bwana Chui. Na hapa. Hapana, hapa." Wakapanda kilima, hee-ha, hee-ha. Bunda moja limelipwa.

"Inama," akasema Mzee Kobe. "La pili."

Jua lilipokuwa la utosi yalikuwa yamelipwa manne. Jioni, saba. Mgongo ulionyooka asubuhi sasa umepinda kama upinde, na Mzee Kobe alikuwa msafi mpaka ukiliangalia gamba unajiona.

Kesho yake saba tena, na keshokutwa sita. Na dukani je? Huko ndiko kulikokuwa na vituko. Barazani alikaa Nyati, na Bwana Chui amelalia ubavu, anajikaza.

"Imebaki moja," akasema kwa sauti ya uchovu, akifunua sanduku.

Hapo hapo Bi Pimbi akatoka chumbani na ufagio. "Samahani, Bwana!" akaita kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya mto. "Haya mabunda mengine niyaweke wapi? Chini ya kitanda pamejaa!"

"Nyamaza!"

"Na kabatini pamejaa! Na kwenye chungu cha mboga nimeshatia mawili!"

Nyati akasimama. Akaingia chumbani. Kishindo! Mlango wa kabati ulifunguka, biri zikamporomokea mpaka magotini.

"Imebaki moja?" akauliza Nyati polepole. "Mimi nimefyeka shamba zima!"

Habari ikakimbia sokoni kuliko moto wa nyasi. Kiboko akaja kukaa ndani ya kisima chake alichochimba, akasema hatoki. Mzee Tembo akaja kuyahesabu magogo yake, moja moja. Na hakuna tena aliyetoa hata karanga moja kwa biri ya Bwana Chui.

Siku zilizofuata Bwana Chui alimudu safari moja tu kwa siku, mpaka ikafika siku ya soko, na ndiyo siku ya mwezi mpevu. Bwana Chui alipita katikati ya soko akitambaa, Mzee Kobe juu yake, safari ya ishirini na nne. Kufika mbele ya Mzee Tembo, miguu yote minne ikamtoka, kila mmoja upande wake. Pwaa!

"Mbona tumesimama?" akauliza Mzee Kobe. "Yamebaki kumi na saba. Na ndugu zake Bi Pimbi wamelalia mengine arobaini, yatakuwa tayari keshokutwa."

"Mengine!" Chui akalia. "Arobaini mengine! Maji yamezidi unga jamani!"

Mzee Tembo akainama juu yake. "Bwana Chui, soko linasikia. Unachukua au unaacha?"

"Naacha!"

"Unaacha moja?"

"Naacha yote! Mtoeni huyu mzee mgongoni mwangu!"

"Makubaliano yamekufa," akasema Mzee Tembo. Soko likalipuka kwa vigelegele.

Bi Pimbi aliutupa ufagio hewani. Kabla jua halijafika utosini, wanawe walikuwa wameshazipanga biri kwenye rafu za banda, na mteja wa kwanza alikuwa Mzee Nungunungu, ambaye siku hiyo alinunua nzima kwa sherehe. Mzee Tembo akapita, akazitazama rafu, akaitikia kwa kichwa. Banda limepona. Bi Pimbi akafuta machozi kwa kona ya kanga, na safari hii yalikuwa ya raha.

Jioni Mzee Kobe akamwita. "Mwanangu, akili yako ni kubwa kuliko wewe. Sasa mabunda yote nakupa wewe peke yako. Mtu mwingine asiguse."

Watoto wake wakashangilia, lakini Bi Pimbi akatikisa kichwa.

"Mzee, nipe mawili. Mengine mpe Nyati, mpe Kiboko, mpe yeyote mwenye mgongo, nawe utaoga kila siku."

"Unakataa yote? Kwa nini?"

Bi Pimbi akamtazama Bwana Chui, aliyekuwa bado amelala katikati ya soko, watoto wa Kima wakimkanda kiuno.

"Mgongo wangu naujua, Mzee," akasema.

Basi, watoto wangu: mtaka vyote ajiulize kwanza kama ana mgongo wa kuvibeba.