Konzi ya Maharage na Mtamba Mmoja

Sogeeni karibu. Mwenye kahawa anywe, mwenye jibu alifiche kwanza, maana hapa kuna watu hujibu kabla hawajaulizwa, na nawajua kwa majina.

Huko kwenye migomba, chini ya mlima, waliishi majirani watatu waliocheza karata kila Jumapili baada ya ibada, barazani kwa Kasiani. Ombeni alijaliwa kuthubutu. Akishaamua jambo, limeamuliwa. Nsia alijaliwa macho. Akikaa na mtu anayemenya ndizi, hata neno halijasemwa, alijua huyu kagombana na mkewe. Na Kasiani, mkubwa wao, alijaliwa uso. Apate akose, uso wake haukusema kitu. Siku aliyomzika mkewe watu walinong'ona mbona halii. Nsia peke yake ndiye aliyemwona nyuma ya jiko, ameushika ukuta kwa mikono miwili kana kwamba nyumba inamwangukia. Hakumwambia mtu.

Mchezo wao ulikuwa hivi: kila mtu anapewa karata mbili za siri, halafu karata tano zinafunuliwa katikati, za wote. Waliwekeana maharage, na mwenye karata bora, zake pamoja na za katikati, ndiye anayeyala yote. Karata zako mbili zikifanana, hao ni pacha. Ukipata pacha wa wafalme, huhitaji ushauri wa mtu. Ukipata pacha wa mbili, unawatupa na usiku unalala vizuri. Tabu iko kwa pacha wa kati, saba, nane, tisa, na tabu zaidi ukiwa umebakiwa na konzi moja tu ya maharage. Ni wazuri mno kuwatupa, ni wadogo mno kuwaamini. Huwezi kuweka kidogo uchungulie, maana hicho kidogo ndicho ulichonacho. Unasukuma yote katikati, au unatupa karata na kukaa nje ya mkono huo.

Basi mwaka ule ugonjwa wa ndigana ulipita kijijini ukamaliza ng'ombe. Mabanda ya wote watatu yakabaki matupu. Nsia kila asubuhi alijikuta ameshakata majani, yuko njiani na mzigo kichwani, ndipo anakumbuka hana wa kumlisha. Aliyamwaga bandani hivyo hivyo, yakaoza, na kesho yake akakata mengine.

Chama cha wafugaji kikaandaa shindano la karata, na zawadi ni mtamba mwenye mimba. Kila kiti ni cha watu watatu wanaopokezana. Aliyekaa ndiye anayeamua, wenzake wanasimama nyuma, midomo imefungwa. Masharti ya mtamba yalikuwa mafupi: atalala banda moja, kwa jina la mtu mmoja, hauzwi wala hahamishwi, na ndama wa kwanza anarudi chamani.

Watatu wetu wakaingia pamoja. Walipanga nani akae lini, wakapanga hata nani abebe chai. Ila mtamba atalala kwa nani, hawakusema. Kwao kumgawa ng'ombe ambaye hajafika nyumbani ni uchuro, na watu wazima na akili zao waliliogopa hilo kuliko walivyouogopa ugomvi. Shikeni hapo.

Ombeni alikaa wa kwanza. Karata zilimkataa tangu mwanzo, maharage yakaliwa yakaliwa, ikabaki konzi moja. Ndipo akapata pacha wa saba. Waliomtangulia walikuwa wametupa. Mwingine angejikuna, angetazama nyuma. Ombeni akasukuma yote. Jirani mmoja akamfuata na mfalme na malkia, karata tano zikafunuliwa, hakuna iliyomsaidia yule jirani. Saba zikasimama. Ombeni akainuka na kopo zima la maharage.

Nsia akakaa. Kopo nalo likapungua taratibu, maana kila mzunguko una maharage ya lazima, na siku ile hata karata ya kujishikiza hakupata. Ikabaki konzi moja tena, na mkononi pacha wa tisa. Lakini safari hii Mwalimu Kileo, mpinzani wa meza ile ambaye mchana kutwa hakuwa amejitia kwenye lolote, alishasukuma yake yote. Kabla ya kusukuma alivua miwani akaitia mfukoni. Nsia aliliona hilo: mtu hahitaji tena kuangalia alichonacho. Baada ya Mwalimu, mchezaji mwingine naye akasukuma. Vidole vya Nsia vilikuwa vimeshayagusa maharage. Akaziachia tisa, akazitupa kifudifudi, na roho ikamuuma kweli. Wale wawili wakafunua: Mwalimu ana wafalme, mwenzake ana pacha wa kumi. Katikati tisa haikutokea. Yule wa kumi akaishiwa, akaenda nyumbani, Nsia akabaki na konzi yake.

Kasiani akamalizia. Wengine walitoka mmoja mmoja hadi akabaki yeye na Mwalimu Kileo, na Mwalimu ana kilima cha maharage. Mwalimu akaona huyu hana kitu, akawa anasukuma kila mkono ili kumtisha. Kasiani alitupa, akatupa, akatupa, uso ule ule. Alipopata pacha wa nane akaupeleka mkono polepole, akasema, "Nakufuata, Mwalimu." Mwalimu akamtafuta usoni, hakuona kitu. Akafunua malkia na nne. Nane zikasimama. Baada ya hapo Mwalimu hakujua tena lini anatishwa bure na lini ni kweli, na kabla chai haijapoa maharage yote yalikuwa kwa Kasiani.

Wakateremka na mtamba wakicheka, Ombeni ameshika kamba. Walicheka mpaka njia panda, pale njia zinapoachana, kila moja kuelekea kwa mmoja wao. Mtamba akasimama. Nao wakasimama.

"Tupite kwangu," akasema Ombeni. "Bila saba zangu tungetoka asubuhi, mngekalia kiti gani?"

"Na bila kutupa kwangu?" akauliza Nsia.

"Ah, dada Nsia. Kutupa karata nako ni kazi? Hata mtoto anatupa."

Neno hilo lilimwingia Nsia. Alikuwa amefanya jambo gumu kuliko yote aliyowahi kufanya mezani, na kwa kuwa lilimzuia kupoteza, halikuonekana. Kasiani, kwa sauti yake ya kawaida, akasema, "Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa mwisho ulipofika."

Hapo Nsia akageuka. Ombeni ndiye aliyemuumiza, lakini aliyepigwa kwa neno ni Kasiani. "Wewe, kaka Kasiani, nyamaza. Uso wako hauonyeshi kitu kwa sababu ndani hamna kitu. Si tulikuona msibani."

Kasiani alimtazama kidogo, akainamisha kichwa, akashika njia yake. Nsia alitaka kumwita. Badala yake akamgeukia mtamba.

Yeye na Ombeni wakamrudisha mtamba kwa mwenyekiti wa chama, Mama Aisa. "Nitawatunzia," akasema, "ila siku atakapozaa, mniambie ni wa nani. Mimi si zizi lenu."

Jumapili zikapita bila karata. Nsia alipita mbele ya baraza la Kasiani akienda kukata majani ya ng'ombe asiyekuwepo, na kila mara alimkuta mwenyewe amekaa peke yake, karata ziko mezani zimefungwa kwa mpira. Alisalimu, akajibiwa vizuri, na ule uzuri wa jibu ndio uliomchoma.

Asubuhi moja habari zikatembea: mtamba amezaa. Wote watatu wakafika kwa Mama Aisa, kila mmoja na ndoo yake. Chuchu zilikuwa zimejaa, dang'a, yale maziwa ya kwanza, inadondoka chini, ndama anahangaika.

"Haya, semeni," akasema Mama Aisa, kamba mkononi.

Ombeni akazitaja saba zake. Nsia akazitaja tisa zake, kwa sauti ndogo, macho yako chini. Kasiani akasema, "Mimi nilishinda na nane." Wakadhani amemaliza. Kisha akasema, "Lakini tangu nishinde sijacheza."

Nsia akamwangalia. Mikono yote miwili ya Kasiani ilikuwa imeishika ndoo, imekaza, na Nsia alishaiona mikono hiyo ikishika hivyo, siku ile nyuma ya jiko. Uso haukusema kitu.

Haya, jibu mlilolificha litoeni sasa. Mmoja alithubutu, mmoja alijizuia, mmoja alistahimili. Ukimtoa mmoja, hakuna ng'ombe. Na lile neno la Nsia pale njia panda, nalo litahesabiwa, au maharage ni maharage na maneno ni maneno? Mama Aisa amechoka, ndama ana njaa. Ungekuwa wewe, kamba ungemkabidhi nani?