Siku Kasuku Alipomliza Simba

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo hata Nyati alikuwa na mlango na jiko, Simba alitawala kijiji kilichozungushiwa ua wa miiba. Ng'ambo ya mto Nyati na Vifaru walikuwa wakipigana vita. Pale kijijini hakuna aliyeviona kwa macho yake. Walivisikia kwa Kasuku tu.

Kila asubuhi Kasuku aliruka kwenda kutazama, kisha akarudi kutua juu ya paa la baraza. "Pembe kwa pembe, kacha! Vumbi likatimka, vuuu!" Wanyama wakashangilia utadhani wako ngomani.

Akifa mkubwa, Kasuku alimtaja jina, akawataja wanawe, akasema mpaka chakula alichoacha motoni. Hapo kijiji kizima kililia, na kwa desturi yao kila nyumba ikawapelekea wafiwa chungu cha chakula. Wadogo aliwamaliza kwa neno moja: "Na wengineo." Kwa wengineo hakuna aliyepika.

Bi Digidigi alisikiliza akiwa nyuma kabisa. Mume wa dada yake alikuwa mmoja wa hao wengineo. Dada mwenyewe alikuwa amejibanza nje ya ua na watoto wawili, njaa inawauma, na Simba ameamuru lango lisifunguliwe.

"Mzee, ni dada yangu," alikuwa amemsihi.

"Siwezi kulisha kila kinachopita majanini," Simba alimjibu, akapiga miayo.

Bi Digidigi hakulia. Alikwenda kwa Kasuku.

"Shikamoo, Bwana Kasuku. Umepata habari za yule mama wa bondeni?"

"Marahaba. Mama gani?"

"Aa, basi. Nilidhani wewe ndiye wa kwanza kuzipata."

Kasuku akashuka tawi moja. Akashuka na la pili. "Hebu niambie, mwanangu."

"Mumewe amekanyagwa mlangoni, akiwaita watoto waingie ndani. Kunde zilikuwa motoni. Mama kambeba mdogo, mkubwa kashika pindo la kanga. Anaitwa Tunu. Kila wakipumzika anauliza kama baba amekumbuka kuipua kunde."

Macho ya Kasuku yakang'aa. "Wako wapi?"

"Wako langoni sasa hivi."

Kasuku hakungoja kuuliza ni mnyama gani. Akilini mwake, mwenye kunde motoni na mtoto mwenye jina hakosi kuwa mkubwa. Prrr! Huyoo, juu ya paa.

Alisimulia, wanangu, na sauti akaitetemesha. Tembo akajifuta machozi kwa masikio. Fisi, anayecheka hata msibani, akanyamaza kimya. Simba mwenyewe alilia mpaka sharubu zikalowa.

"Fungueni lango!" akanguruma. "Wapikieni. Huyo Tunu atalala kwangu."

Kijiji kikachangamka. Vyungu vikubwa vikabebwa mbio, huku kila mmoja akitazamia jitu linaloingia kwa kuinama. Lango likafunguliwa, kwaa! Akaingia mama mfupi kuliko goti la Simba, mtoto mgongoni, mwingine kashika pindo.

Kasuku akajikunyata juu ya paa.

"Mbona ni digidigi?" Simba akamgeukia Bi Digidigi. "Umenidanganya."

"Neno gani la uongo, mzee?" Bi Digidigi akamjibu. "Mume amekufa. Kunde zilibaki motoni. Na machozi umeyatoa mwenyewe, mbele ya watu wote. Kama unataka kuyarudisha, mtoto huyo hapo, mwambie."

Tunu alimtazama Simba, akatazama chungu kilichofuka moshi.

"Babu, hicho ni cha nani?"

Kijiji kizima kikamkodolea macho Simba. Simba akakohoa, akajipangusa sharubu.

"Ni chako," akasema. "Kaa ule, mjukuu wangu."

Basi wanangu, anayewasimulia vita ndiye anayewachagulia wa kumlilia, kwa hiyo muulizeni amewaacha akina nani.