Mtungi Uliokataa Kulia

Wapendwa, kulikuwa na mama mmoja mfinyanzi aliyekuwa na kazi mbili mikononi. Mchana alifinyanga mitungi, na watu wakamsifu. Jioni alichukua karatasi na rangi za maji akachora, na watu wakamcheka. "Mama mzima anachezea rangi kama mtoto wa chekechea!" Basi akawa anachora kwa kujificha. Mnajua tulivyo.

Huko kwao, mama akimwoza binti humpa mtungi wa maji aliofinyanga mwenyewe. Wakwe wanakuja, wanaugonga kwa kidole mbele ya watu. Ukilia ngiii, vigelegele. Ukisema du, basi una ufa, na mama anauvunja yeye mwenyewe, palepale, na harusi inasogezwa mpaka afinyange mwingine. Aibu yake msiniulize.

Mama huyu alihangaika na mtungi wa binti yake wa pekee mwezi mzima. Ulipotoka motoni aliugonga, ukalia vizuri mpaka akacheka peke yake.

Siku ya wakwe, alfajiri, mvua ikanyesha na bati likavuja. Mama akakurupuka kuokoa vitu vyake, kisha akakimbilia jikoni, na wageni wakafika.

Shangazi wa bwana harusi, mwanamke asiyecheka ovyo, akakunja kidole. Akagonga. Du.

Akagonga tena. Du.

Binti akajifunika uso kwa kanga. Lakini mila ni mila. Mama akaenda jikoni akarudi na mchi, akauinua.

"Subiri kwanza, mkwe wangu," shangazi akasema. "Umetazama ndani?"

"Nitazame nini, dada? Si umesikia mwenyewe?"

"Nimesikia. Ila ufa sijauona. Hebu ingiza mkono."

Mama akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Akagusa kitambaa. Akavuta, ikatoka kanga kuukuu, na ndani ya kanga bunda la karatasi. Picha zake! Bati lilipovuja alizishindilia humo zisilowe, halafu pilikapilika za wageni zikamsahaulisha. Na zote zilikuwa picha za binti yake: anatambaa, ana pengo, anakwenda shule na ndoo kichwani. Shangazi akazitazama moja moja, hakuna aliyecheka.

"Gonga sasa," mama akasema.

Ngiiii! Jamani, vigelegele vya siku ile! Mama akaketi chini na mchi wake mapajani, akalia na kucheka kwa pamoja.

Mnacheka na ninyi. Vizuri. Sasa niambieni, ni nani sisi tumemgonga, tukasikia du, tukakimbilia mchi? Yuko dada yetu mmoja, miezi mitatu anakaa benchi la nyuma, haimbi, hasalimii. Tukasema amepoa, amerudi nyuma. Nani kati yetu aliingiza mkono? Mimi mchungaji wenu sikuingiza. Nilimgonga kwa mahubiri, tena mara mbili.

Juzi ndipo nikaenda kwake, nikakaa, nikauliza. Kumbe anamuuguza mumewe peke yake, na anaona haya kusema. Ameniruhusu niwaambie. Yuko hapa.

Hana ufa, wapendwa. Amejaa tu. Tukitoka hapa, wekeni mchi chini, twende naye nyumbani kwake.