Makengeza ya Meneja

Bi Mashavu, mchora mabango wa Tanga, alimpeleka bintiye Raya kwa Bwana Kitwana, meneja wa bima. Macho ya mtoto yalihitaji upasuaji wa gharama kubwa.

"Mama, makengeza ni urembo," alisema meneja. "Bima hailipii urembo."

"Sawa, bosi. Basi nikuchoree sura yako pale nje ukutani, bure."

Meneja alikubali haraka. Ijumaa picha ilikamilika, na wateja wakaanza kucheka. Jicho moja lilitazama mlango, jingine lilitazama pua.

"Umenifanya nini wewe?"

"Nimekuongezea urembo, bosi."

"Urembo gani? Huu ni ugonjwa. Uondoe leo hii."

Bi Mashavu akatoa fomu ya Raya. "Andika hivyohivyo hapa, bosi, upige na mhuri. Raya akipona, na wewe utapona."