Karakana Iliyokwama Tarehe Tatu

Msomaji wangu, kama umesimama tafuta pa kukaa, maana haya hutayaamini. Kuna karakana moja ya kutengeneza meno ya bandia ambako tarehe tatu iliingia, ikapapenda, ikakataa kuondoka. Nje watu wanakwenda tarehe nne, kumi, ishirini. Mle ndani kila asubuhi ni tarehe tatu! Na aliyeishika tarehe hiyo shati isiende hakuwa mchawi. Alikuwa binti mpole tu, mwenye vidole vyepesi na aibu nzito.

Wahenga hawakumung'unya maneno: mficha uchi hazai. Yaani mwenye shida akiona haya kuifunua kwa wanaoweza kumsaidia, atakaa nayo mpaka imzeeshe. Mkunga atamsaidiaje mtu aliyejizungushia shuka mpaka kidevuni? Haya, twende.

Karakana yenyewe ilikuwa ghorofani, juu ya duka la viatu. Ukipanda ngazi unapokewa na mlio wa mashine ya kuchonga, mwembamba kama wa mbu aliyekosa damu, kisha unaona sinia za meno yaliyopangwa yakikuchekea bila nyuso. Walikuwa watu watatu. Bosi, fundi mwenye mvi ambaye ukimpa jino moja tu anakwambia mwenye nalo hutafunia upande gani. Plasta, mmiminaji wa vipimo, mtu wa masihara, mweupe pepepe kwa vumbi kuanzia nyusi hadi soksi. Na huyu binti yetu, ambaye wote walimwita Dada Funguo.

Funguo zenyewe si za mlango. Kila programu ya kompyuta unayonunua huja na namba yake ya leseni, mstari mrefu wa herufi na tarakimu kama vile paka amekatiza juu ya kibodi. Bila hiyo namba, programu haifunguki ng'o. Zamani pale karakanani namba hizo zilipotea kama soksi: moja nyuma ya kalenda, nyingine ndani ya simu iliyoibiwa, na kila ikipotea Bosi ananunua upya huku akisaga meno, safari hii yake mwenyewe. Alipokuja huyu binti akazikusanya zote, akazitunza kama yai. Bosi akawa anajisifu kwa kila mgeni, "Tangu nimpate huyu mwanangu, nalala kama mtoto aliyeshiba."

Sifa, ndugu yangu, ni nguo nzuri inayobana kwapa. Ukishaivaa huinui mkono.

Kumbe binti alijua kila ufunguo ulivyo, lakini hakufuatilia kila ufunguo umekaa kwenye kompyuta ipi. Programu ya kuchorea meno ilikuwa na ufunguo wa kompyuta mbili tu: ya kuchorea na ile inayoendesha mashine ya kuchonga. Ukitaka kuifuta kompyuta, sharti kwanza uutoe ufunguo, kama unavyomtoa mpangaji wa zamani kabla hujamwingiza mpya. Siku moja kompyuta ya kuchorea ikawa inachechemea. Dada Funguo akaifuta yote ili aanze upya. Akaweka programu, akaandika ufunguo, akabonyeza. Kioo kikamjibu baridi: ufunguo huu umeshatumika kwenye kompyuta zote zinazoruhusiwa.

Mpangaji alikuwa hajatolewa, na nyumba yake imeshabomolewa!

Bosi alikuwa chumba cha pili, anapiga mluzi. Hatua chache tu, na maneno machache: "Bosi, nimekosea." Lakini hakwenda. Akasikia zile sifa zote zikimcheka. Basi akafanya nini? Akaweka toleo la majaribio, lile la bure la wiki chache, akajiambia nitapata ufumbuzi mbele ya safari.

Mbele ya safari ikafika, ufumbuzi haukuja. Toleo likakaribia kuisha. Ndipo akagundua ujanja: ukirudisha tarehe ya kompyuta nyuma, programu inadhani muda bado upo. Akairudisha tarehe tatu. Kesho yake tena. Kesho kutwa tena. Akawa anafika kazini kabla ya wote, anaikamata siku mpya mlangoni na kuigeuza.

Bosi hakuona. Yeye akikaa mbele ya kioo macho yake huona meno tu. Ungeandika pale mwaka aliozaliwa babu yake asingeshtuka. Ila Plasta, hee! Yule haachi kitu.

"Dada," alisema siku moja, ameshika karatasi za kazi zilizotoka kwenye printa, "hii inasema tarehe tatu. Ya juzi tarehe tatu. Ya wiki iliyopita tarehe tatu. Huu mwezi umegoma? Maana kama hauishi, mshahara nao hauji."

"Printa hiyo ina wazimu."

"Basi ipeleke hospitali kabla sijazeeka nikiwa na umri uleule."

Binti akacheka, lakini kicheko kilikuwa cha meno tu, moyo haukuwemo. Hata chakula cha mchana alikilia hapohapo kwenye kompyuta, mtu mwingine asije akaigusa.

Sasa hapo ndipo anapoingia shangazi yake.

Shangazi huyu ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Mwanamke wa kicheko, aliyekuwa akicheka jikoni majirani wanacheka kabla hawajajua kisa. Lakini meno yalimwisha, na tangu hapo akazungumza kiganja kikiwa mdomoni. Sasa kitinda mimba wake alikuwa anaoa Jumamosi, na ombi lake lilikuwa moja tu: acheke mbele ya wakwe bila kujiziba. Mengine yote mlete msilete.

Tatizo la shangazi, kipimo cha plasta kikiingia kinywani anatapika. Alijaribu mara mbili, mara zote Plasta ndiye aliyebadilisha shati. Basi daktari wake akampiga picha kwa kamera ndogo ya mdomoni, akaipeleka karakanani kwenye flashi. Wagonjwa wote wa kabla yake walipimwa kwa plasta, na vipimo vyao vikapigwa picha palepale na kompyuta ileile yenye tarehe ya uongo. Picha ya shangazi ilitoka nje, na ilikuja na tarehe yake ya kweli.

Siku ya Jumatano Dada Funguo akachomeka flashi. Programu ikaisoma picha, ikaona imepigwa siku ambayo kwake bado haijazaliwa. Kioo kikawa chekundu: saa ya kompyuta hii imechezewa, programu imefungwa.

Imefungwa! Na michoro yote iliyokuwa ikisubiri kuchongwa, ndani.

Ungedhani sasa atasema. Wapi! Mtu akishazoea kujificha hata moto ukiwaka atatafuta kabati. Bosi alipouliza, "Meno ya shangazi yako vipi?" akajibu, "Picha ya daktari imekuja mbovu." Bosi akampigia daktari. Daktari akawaka, akasema picha ni nzima na kama karakana imeshindwa kazi iseme. Bosi naye akamjibu mbovu. Watu waliofanya kazi pamoja miaka mingi wakakatiana simu, na binti amesimama pale na kitambaa, anafuta kioo ambacho hakina vumbi.

Alasiri shangazi akapanda ngazi mwenyewe, anahema. Akamkuta binti peke yake.

"Mama," alisema, kiganja mdomoni kama kawaida, "niambie ukweli. Yatakuwa tayari?"

"Shangazi, mashine... mashine imeharibika."

Shangazi akageuza shingo. Chumba cha pili mashine ilikuwa inalia vizuri kabisa. Akavuta kiti, akakaa. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu meno yamtoke, akashusha mkono mbele ya mtu. Kinywa chake kilikuwa kitupu kama chungu kilichooshwa.

"Niangalie, mwanangu. Mwaka mzima nimeziba hiki kinywa. Unajua nimepata nini? Mkono umechoka, na hakuna hata jino moja lililoota."

Binti akamtazama. Machozi yakamtoka kama bomba lililopasuka, na kila kitu kikatoka: ufunguo, toleo la majaribio, tarehe tatu, daktari aliyesingiziwa. Alipomaliza, shangazi akamfuta uso na kumwambia, "Vizuri. Sasa mimi umeniambia, ila mimi sijui kompyuta. Twende kwa anayejua." Akamshika mkono, wakaenda wote chumba cha pili.

Bosi alisikiliza amesimama. Uso ukawa mwekundu, halafu ukawa wa kijivu. "Nimemtukana daktari," alisema polepole. "Mimi, na mvi hizi, nimemtukana mtu asiye na kosa."

"Nisamehe, Bosi. Nilijua utanifukuza."

"Nani alikwambia? Uliniuliza?"

Plasta, aliyekuwa ameingia na kikombe cha chai ya moto, alitazama viatu vyake.

"Ulipiga simu kwa waliotuuzia programu?" Bosi akauliza.

"Hapana. Niliona aibu."

Bosi akamsogezea simu. "Piga. Sisi tupo hapa."

Binti akapiga. Akajibiwa na sauti ya mwanamke mwenye mafua. Akaeleza kosa lake, akasoma namba ya leseni, akafumba macho akisubiri matusi.

"Ulifuta kompyuta kabla ya kuutoa ufunguo?" ile sauti ikasema, ikapenga kamasi. "Pole, dada. Watu wanatupigia kwa hilo kila siku. Subiri... haya, nimeutoa ule wa zamani. Jaribu sasa."

Akajaribu. Programu ikafunguka, nzima, tulivu, kana kwamba haijawahi kugombana na mtu.

Chai ya Plasta ilikuwa bado ina moshi! Wiki zote zile za kudamka, za kudanganya, za kula juu ya kibodi, na dawa yake ilikuwa simu moja isiyomaliza hata kikombe cha chai!

Lakini usidhani uongo huondoka bila kubeba kitu. Michoro iliyofanywa kwenye toleo la majaribio haikufunguka tena, na vipimo vyake vya plasta vilikuwa vimeshatupwa. Wagonjwa kadhaa ilibidi waambiwe warudi baadaye kupimwa upya, na Bosi akaenda mwenyewe mpaka kwa daktari kuomba radhi, binti nyuma yake, kila mmoja akasema la kwake. Kisha wakarudi kuyachora meno ya shangazi mwanzo mpaka mwisho. Ijumaa jioni ya juu yakakamilika. Ya chini muda haukutosha.

Jumamosi shangazi akaenda harusini na meno ya juu peke yake. Nyama hakuigusa, alikunywa supu. Lakini wakwe walipofika na mmoja wao akajikwaa kwenye zulia, shangazi alicheka kile kicheko chake cha zamani, mikono yote miwili kiunoni, mpaka wapishi wakatoka jikoni kuuliza kuna nini. Dada Funguo alikimbilia nyuma ya hema kulia, na hakuna aliyemuuliza sababu.

Jumatatu Bosi akamwita. Hakumfukuza. Alimwachia funguo zote, kwa sharti kwamba sasa afuatilie kila ufunguo umekaa kompyuta ipi, na kitu kikiharibika apige kelele mpaka duka la viatu wasikie. Plasta alinuna mchana kutwa. "Mimi ndiye ninayewapima upya wagonjwa wote hao," alisema, "na wengine wanauma! Ningekuwa bosi, mtu angeshuka ngazi hizo na mfuko wake."

Tena Plasta hana kosa kusema hivyo, vidole vyake nimevifikiria. Sasa wewe uliyesoma mpaka hapa: ungekuwa bosi, wagonjwa wamerudishwa, rafiki yako umemtukana kwa uongo wa mtu, na huyo mtu amesimama mbele yako macho yamevimba, ungemwachia funguo au ungemwonyesha ngazi? Na ungekuwa yeye, siku ile ya kwanza, Bosi anapiga mluzi chumba cha pili, ungesema? Usijibu haraka, jiulize kwanza ni nini unachokiziba kwa kiganja leo. Maana hukumu ilishatolewa zamani, na haina rufaa: mficha uchi hazai.