Zimwi na Firigisi ya Mbodze

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na kijiji, kijijini kuku, na ndani ya kuku firigisi. Nanyi mnaocheka huko nyuma, tulieni. Firigisi hii nusura imponze mtoto kama ninyi.

Katika kijiji hicho firigisi ililiwa na wanaume tu. Mwanamke akiila, mwiko. Mjamzito akila yai, mwiko. Mtu akimtaja mama mkwe wake kwa jina, mwiko. Aliyevunja alinuniwa, akasemwa kisimani, mwisho akasamehewa. Aliyepelekwa barazani ni mwizi tu.

Siku moja likaja zimwi. Limevaa kanzu safi, limechana ndevu, lina adabu kuwashinda ninyi.

"Jamani, kununa si adhabu," likasema. "Fanyeni miko yenu iwe sheria. Anayeivunja, mnyosheeni kidole tu, mimi nitammaliza. Bila kidole simgusi mtu."

Wazee wakapiga makofi. Wajinga wale.

Basi, mwanamke mmoja, Mwaka, akala yai akiwa na mimba. Jirani akanyosha kidole. Zimwi likammeza.

Mwaringa akamtaja mama mkwe wake kwa jina. Shemeji akanyosha kidole. Zimwi likammeza.

Sasa, palikuwa na mjane akiitwa Mbodze. Aliishi na mama mkwe wake, Bi Nyevu, na binti yake mdogo, Kache. Kache alikuwa ametoka kwenye homa, hataki kula kitu. Mbodze akachinja kuku. Mtoto akasema, "Mama, nataka firigisi." Mbodze akampa.

Bi Nyevu aliona. Alikasirika mpaka akaenda kulalamika kisimani. Maneno ya kisimani hayakai, yakalifikia zimwi.

Likaja mlangoni, kijiji kizima nyuma yake. "Nani amekula firigisi?"

Mbodze akasimama mlangoni na kisu chake cha kuku. "Amekula mwanangu. Nimempa mimi. Nami nimeonja, tena ilikuwa tamu."

"Ni mwiko."

"Mwizi tunampeleka barazani kwa sababu aliyeibiwa analia. Firigisi hii imemliza nani?"

Zimwi likamgeukia Bi Nyevu. "Mama, wewe uliona. Nyosha kidole."

Bi Nyevu akaficha mkono ndani ya kanga. "Sinyoshi."

"Kwani hakufanya vibaya?"

"Amefanya vibaya sana. Nimemnunia, na nitaendelea kumnunia. Lakini huyu ni mkwe wangu na hili ni jiko letu. Wewe jikoni kwetu umefuata nini?"

"Nyosha kidole."

"Sinyoshi."

"Nyosha kidole, bibi!"

"Nimesema sinyoshi."

Zimwi likawatazama majirani. Jirani wa Mwaka akaficha mikono kwapani. Shemeji wa Mwaringa akaikalia yake. Kijiji kizima kikawa hakina kidole.

Zimwi likashikwa na hasira, likasahau maneno yake lenyewe. Likanyosha kidole chake, kile kirefu chenye kucha nyeusi, likamwelekezea Kache.

Mbodze hakungoja. Alikikata kwa kisu cha kuku.

Kidole kilipokatika, hapo kwenye jeraha akatoka Mwaka na mimba yake. Akatoka Mwaringa, bado anamtaja mama mkwe wake kwa jina. Zimwi likakimbilia porini, kanzu inaburuta matope, na halikurudi.

Bi Nyevu hakusema na Mbodze siku ile, wala kesho yake. Alimnunia kama alivyoahidi. Lakini walipochinja kuku mwingine, aliitoa firigisi chunguni kwa mkono wake, akaiweka kwenye sahani ya Kache, kisha akageuka upande wa pili asimwone akila.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Anayechukizwa na la mwenzake na anune, hakuna anayemkataza. Lakini asimwitie zimwi. Zimwi halina uchungu na mwiko wa mtu, lina njaa tu.